Kuchora Vitu vya Mezani kwa Rangi Nzito na Maumbo Machache

Panga vitu vitatu tu, kwa mfano birika, chungwa na kitambaa, kisha uvimulike kwa taa moja ya upande ili kivuli kijitenge waziwazi na mwanga. Kabla ya kushika brashi, fumba macho nusu mpaka mambo madogo madogo yapotee. Mabaka makubwa ya giza na nuru yanayobaki ndiyo ya kuchora. Changanya rangi ya kila baka kikamilifu kwenye kibao, uipake kwa brashi pana na kuiacha, kwa kuwa rangi inayosuguliwa mno huchafuka. Kivuli cha chungwa, kwa maoni yangu, huwa hai zaidi kikitiwa buluu kidogo badala ya nyeusi. Mng'ao wa birika uwe mguso mmoja mzito, wa mwisho kabisa.