Kupunguza tangazo la Kiswahili litoshe meseji moja

Meseji ya simu hubeba herufi 160, nafasi na vituo vikihesabiwa. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, kwa kuwa herufi saba za kila kipande huenda kwenye kazi ya kuviunganisha upya katika simu ya mpokeaji. Anayetuma kwa wingi hulipia kila kipande. Tangazo likishatosha humo, litatosha popote: X huruhusu 280 kwa akaunti ya bure, na WhatsApp haitalikunja chini ya "Soma zaidi".

Tuchukue tangazo la aina inayotumwa kila wiki:

"Ndugu wateja wetu wapendwa, tunapenda kuchukua fursa hii kuwataarifu kwamba kutakuwa na zoezi la kufanya matengenezo ya bomba kuu, jambo ambalo litapelekea kukosekana kwa huduma ya maji siku ya Jumamosi kuanzia majira ya saa 2:00 asubuhi mpaka majira ya saa 11:00 jioni katika maeneo ya Mabibo na Ubungo. Hivyo basi, mnashauriwa kuweza kuhifadhi maji ya kutosha. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Herufi 413, yaani vipande vitatu. Habari yenyewe, maji kukatika, imejificha katikati.

Kabla ya kufuta chochote, andika pembeni yale ambayo msomaji akiyakosa atapiga simu kuuliza: nini, wapi, lini, afanye nini. Hayo hayaguswi. Hapa utaona pia kilichosahaulika. Tangazo letu refu halina tarehe, na meseji ikisambazwa tena wiki ijayo, "Jumamosi" itakuwa nyingine.

Kisha anza na kitenzi, maana ndiko Kiswahili kinakonenepa. Tafuta "kufanya", "kutoa" na "zoezi la" zilizobeba nomino mgongoni. "Kufanya malipo" ni kulipa, "kutoa msaada kwa" ni kusaidia, "zoezi la kufanya usafi wa mitaro" ni kusafisha mitaro. "Kukosekana kwa huduma ya maji" ni maji hayatatoka, kama watu wanavyosema bombani. "Kuweza" ifute kila inapofuata "ili", isipokuwa unazungumzia uwezo kweli. "Kwa ajili ya" mara nyingi humezwa na mnyambuliko: "kuandaa chakula kwa ajili ya wageni" (35) huwa "kuwaandalia wageni chakula" (26).

Hii ndiyo sababu hatuhesabu maneno. "Hawajatulipa" ni neno moja, lakini ni herufi 12. Hesabu herufi tu.

"Ambao" ipunguzwe kwa uangalifu. "Wateja ambao walilipa" huwa "wateja waliolipa" bila hasara. Lakini "wateja ambao hawajalipa" si "wateja wasiolipa". Wa kwanza wamechelewa, wa pili hawana tabia ya kulipa, na mteja mwaminifu aliyechelewa siku mbili atakasirika, kwa haki. Hapo acha "ambao" ikae.

Vifungashio vya muda na fedha vifute bila huruma: "siku ya", "majira ya", "kiasi cha". "Majira ya saa 2" ina kasoro zaidi ya urefu, kwani humaanisha karibu na saa 2. Kiasi kiandike kwa tarakimu: "elfu kumi na tano" ni herufi 17, "15,000" ni sita. Usifute "asubuhi" wala "usiku", maana saa 2 ziko mbili kwa siku. Na usiandike "8:00 asubuhi". Nusu ya wasomaji watasita.

Salamu moja na radhi moja zinatosha. Kuziondoa zote huokoa herufi chache na kumfanya mtumaji aonekane hana adabu. Amri kavu pia ina dawa ya bei nafuu: "Ulipe kabla ya Ijumaa" ni laini kuliko "Lipa kabla ya Ijumaa", kwa herufi moja tu. Vifupisho vya vijana, "xaxa" na "cjui", viache huko huko kwao.

Matokeo:

"Ndugu mteja, Jumamosi 14/6 maji hayatatoka Mabibo na Ubungo, saa 2 asubuhi hadi 11 jioni. Tunatengeneza bomba kuu. Hifadhi maji mapema. Tunaomba radhi."

Herufi 151, na tarehe imeingia.

Kinachoharibu hesabu baada ya hapo ni alama. Herufi 160 hupatikana tu ukitumia alfabeti ndogo ya kawaida ya simu. Ikiingia alama moja iliyo nje yake, meseji nzima hushuka hadi herufi 70, na vipande huwa vya 67. Emoji hufanya hivyo. Mtego wetu hasa ni ritifaa ya ng'ombe na Ng'ambo: Word huibadilisha iwe iliyopinda, nayo iliyopinda haimo katika alfabeti ile. Tangazo la herufi 151 lenye "Ng'ambo" ya kunakiliwa kutoka Word hugeuka vipande vitatu. Andika kwenye Notepad, au futa alama na uiandike upya ikiwa imenyooka. Alama za nukuu zilizopinda na kistari kirefu huleta balaa lile lile. Mabano ya mraba yamo, lakini kila moja huhesabiwa mara mbili.

Kama mfumo wako huingiza jina la mteja, acha nafasi ya herufi 25 hivi; jaribio lenye "Juma" litapita, la mwenye majina matatu litakatika. Jitumie kwanza kwa laini yako, halafu mpe simu mtu asiyehusika na kazi hiyo. Muulize maji yanakatika lini na wapi. Akirudi kusoma mara ya pili ili ajibu, panga sentensi upya.