Kabla hujasakinisha fonti za alama za kifonetiki

Nyumbani niliandika [ŋɔmbɛ], nikamwona ng'ombe mzima kwenye skrini. Nilipofika duka la stesheneri na flashi yangu, ng'ombe akatoka kwenye printa hana kichwa: mahali pa ŋ pamekaa kijisanduku cheupe. Ilikuwa sura ya fonolojia, kurasa arobaini na kitu, zote nimeshazilipia. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "nitumie fonti ya IPA niisakinishe", yaani ya alfabeti ya kimataifa ya kuandikia matamshi, humuuliza maswali kwanza.

La kwanza: una hakika huna? Kompyuta nyingi za Windows za miaka hii huja na Times New Roman, Arial na Calibri, na zote zina alama za kawaida za alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa. Fungua ukurasa mtupu, ubandike mstari huu: ŋ ɲ ʃ ɣ θ ð ɓ ɗ ʄ ɠ tʰ aː ɔ́ ɛ̀. Hapo una karibu kila kitu anachohitaji mtu anayeandika fonetiki ya Kiswahili, pamoja na toni za lugha jirani. Sasa utazame kwa makini. Kijisanduku maana yake fonti uliyochagua haina herufi hiyo, na kompyuta haikupata pengine pa kuiazima. Herufi ikionekana lakini ni nene au nyembamba kuliko wenzake, imeazimwa kutoka fonti nyingine. Kwenye skrini utaivumilia, kwenye tasnifu msimamizi ataizungushia kalamu nyekundu. Na kama alama ya toni imeelea pembeni badala ya kukaa juu ya ɔ, fonti ina herufi ila haijui kuipangia alama. Ukiona lolote kati ya hayo matatu, ndipo unapohitaji fonti nyingine.

Swali la pili ndilo linalowasumbua wengi: faili lako ni la lini? Kabla Unicode, mfumo mmoja wa kimataifa wa namba za herufi, haijaenea, wanaisimu walitumia fonti kama SILDoulos IPA93, ambazo zilivalisha herufi za kawaida sura za kifonetiki. Ulibonyeza N kubwa, ukaona ŋ. Ulibonyeza S kubwa, ukaona ʃ. Kompyuta yenyewe ilijua N na S tu. Ndiyo maana ukifungua makala ya mwaka 1998 unakuta herufi kubwa zimetapakaa katikati ya maneno, na hata usakinishe fonti mpya kumi hazitabadilika. Faili la namna hiyo linahitaji kugeuzwa kuwa Unicode, ambako kila alama ina namba yake: ŋ ni 014B popote duniani, na alama nyingi za IPA zimepangwa kuanzia 0250 hadi 02AF. Kama ni kurasa chache, andika upya.

Ukishajua kwamba fonti ndiyo inayokosekana, chagua moja na ukae nayo. Charis SIL, Doulos SIL na Gentium hutolewa bure na SIL, shirika la kimataifa la isimu, kwa leseni inayokuruhusu kuzitumia na kumgawia mwenzako. Doulos inafanana na Times, kwa hiyo watu huikimbilia, lakini ina umbo moja tu: haina nene wala mlazo wa kwake. Ukikoleza kichwa cha habari, Word inaghushi wino, na inaonekana. Mimi natumia Charis, yenye maumbo yote manne. Pakua kutoka tovuti ya SIL wenyewe. Tovuti za "fonti elfu bure" mara nyingi hukupa toleo la zamani, wakati mwingine na mzigo ambao hukuuomba.

Kusakinisha kwenyewe ni dakika mbili. Fungua faili la zipu ulitoe kilichomo, kwani wengi hukwama hapo wakibofya fonti ikiwa bado ndani ya zipu, funga Word, bofya faili za ttf, ambazo ndizo fonti zenyewe, kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kusakinisha. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya maktaba huenda ukaombwa nywila ya msimamizi wa mfumo, basi mtafute mapema, si saa kumi na moja jioni ya siku ya kukabidhi kazi.

Usitegemee kibodi ibadilike baada ya hapo. Fonti huonyesha, haiandiki. Ndani ya Word, andika 014B kisha bonyeza Alt na X pamoja, utapata ŋ. Kwa kazi ndefu kuna programu ya Keyman yenye kibodi ya IPA, nayo ni bure. Usikubali kishawishi cha kuweka nukta mbili za kawaida badala ya ː, wala alama ya mshangao badala ya ǃ ya vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, vya Kihadza na Kisandawe. Kwa jicho zinafanana, ila siku ukitafuta vokali ndefu zote katika data yako, hutapata hata moja.

Kisha fikiria kompyuta ya mwenye duka, maana Charis yako haiko kule. Kwenye chaguo za kuhifadhi za Word, weka tiki kwenye kupachika fonti ndani ya faili, halafu utoe PDF. Ifungue PDF hiyo kwenye simu yako ambayo haijui habari za Charis: ŋ ikisimama sawa humo, ni dalili njema. Ukifika dukani mwambie kijana aprinti hiyo hiyo PDF, asiifungulie Word "ili arekebishe pambizo". Na mwombe aanze na ukurasa mmoja, ule wenye jedwali la konsonanti.