Kufunga hita ya maji ya sola nyumbani: anza na maji na paa, duka baadaye

Wateja wengi hapa Arusha hunipigia simu wakiwa tayari dukani: "Fundi, kati ya hizi mbili ipi nzuri?" Siwezi kujibu kabla sijajua nyumba inatumia maji gani na simtanki limekaa kimo gani. Hayo mawili ndiyo yanayochagua hita. Bei ifuate.

Hatua ya 1: Hesabu watu

Weka lita 40 hadi 50 za maji ya moto kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji hita ya lita 200 hadi 250. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula yuniti 9 hivi za umeme, kwa hiyo siku ya jua kali utaona tofauti kwenye LUKU.

Hatua ya 2: Chungulia ndani ya birika

Kama chini kuna ukoko mweupe unaobanduka kwa kucha, maji yako yana chumvi nyingi. Maji ya visima mara nyingi huwa hivyo. Ukoko huohuo utaganda ndani ya hita. Hita ya bapa (sanduku pana lenye kioo juu) inayopitisha maji yako moja kwa moja kwenye vijibomba vyake vyembamba itaziba. Kwa maji ya namna hiyo chukua ya mzunguko uliofungwa, ambayo maji yake ya ndani hayachanganyiki na ya kuogea, au ya mirija ya kioo, ambayo angalau inachomolewa na kusafishwa. Kama birika ni safi, hita ya bapa ni imara na haina mirija ya kuvunjwa na mawe ya watoto.

Hatua ya 3: Pima kimo cha simtanki

Hita nyingi za mirija za bei nafuu hazihimili presha. Hulishwa na simtanki lililo juu yake kidogo, kamwe si pampu wala bomba la mtaa moja kwa moja. Soma kibandiko cha tanki la hita uone kikomo chake cha presha. Kama simtanki liko chini ya paa na huna mpango wa kujenga mnara, nunua hita ya presha pamoja na valvu yake ya usalama.

Hatua ya 4: Kagua kenchi

Lita 200 za maji ni kilo 200, bado hujaweka tanki lenyewe na fremu. Mzigo huo ukae juu ya kenchi au ukuta. Bati peke yake haliwezi. Kenchi zikiwa nyembamba, mwite seremala aongeze mbao kwanza.

Hatua ya 5: Elekeza kaskazini

Arusha iko kusini kidogo mwa ikweta. Mwezi Juni na Julai, baridi inapobana na maji ya moto yanahitajika zaidi, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Mwinamo usipungue nyuzi 15, la sivyo maji ya moto yanasita kupanda kwenye tanki. Hakikisha hakuna kivuli cha mti wala cha simtanki lenyewe.

Hatua ya 6: Mabomba

PVC ya kawaida usiiguse, inalainika. Mchana ambao hakuna aliyeoga, maji ya sola yanaweza kupita nyuzi 80, kwa hiyo mita za kwanza kutoka kwenye tanki ninaweka shaba, kisha PPR (bomba la plastiki) ya maji ya moto. Lifunike bomba lote kwa sponji, na la nje likingwe na jua. Fupisha njia: mita 15 za PPR ya milimita 25 hubeba takriban lita 3, ambazo utazimwaga zikiwa baridi kila asubuhi.

Kwa hita isiyo ya presha, bomba la kupumulia, linalotoa hewa na mvuke kwenye tanki lake, lipande juu kuliko maji ya simtanki na libaki wazi daima. Usiliwekee koki, hata mwenye nyumba akilalamika kwamba linatoa mvuke.

Maji baridi ya bafuni yatoke kwenye simtanki hilohilo. Ukichanganya maji ya pampu na ya sola kwenye mikisa moja (koki ya kuchanganyia moto na baridi), ya pampu yatayasukuma ya moto yarudi nyuma, na utaambiwa hita ni mbovu.

Hatua ya 7: Mirija na kujaza

Paka pete ya mpira maji ya sabuni, kisha zungusha mrija huku ukiusukuma taratibu. Jaza alfajiri au jioni tu. Maji baridi yakiingia kwenye mirija iliyokaa tupu juani, kioo kinapasuka. Fungua koki ya moto ndani ya nyumba, uache ikohoe hadi hewa iishe, kisha kagua kila kiungo.

Hatua ya 8: Umeme wa akiba

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Elementi, yaani koili ya umeme inayopasha maji ndani ya tanki jua likikosekana, iwe na breka yake na waya wa ethi, na isiwashwe tanki likiwa tupu. Themostati iwekwe nyuzi 60. Chini ya hapo bakteria wanaweza kustawi ndani ya tanki. Penye watoto, funga valvu ya kuchanganya kabla ya bafu. Siku za jua, zima breka.

Baada ya mwaka mmoja, fungua fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tanki, ambayo huliwa na kutu badala ya tanki. Ikiwa imebaki waya tu, badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu kutu sasa inaanza kula tanki.