Kutembea kwa pumzi mbili, mtindo wa Guo Lin

Vaa viatu bapa, na tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Ndivyo alivyonianzia bibi jirani yangu hapa Guangzhou, ambaye yuko kwenye matibabu ya saratani na alfajiri haikosi bustani. Zoezi lenyewe ni aina ya chigongi, mazoezi ya Kichina ya pumzi na mwendo wa taratibu, iliyotungwa na Guo Lin, mchoraji aliyeugua saratani ya mfuko wa uzazi, akaanza kuwafundisha wenzake kwenye bustani za Beijing miaka ya 1970.

Simama magoti yamelegea, ncha ya ulimi iguse kaakaa, pumua taratibu mara tatu. Tanguliza mguu wa kushoto: kisigino kikanyage kwanza, vidole vimeinuka. Hapohapo vuta hewa puani mara mbili fupifupi, fsi-fsi. Mguu wa kulia ukikanyaga, itoe mara moja kwa pua hiyohiyo. Mkono mmoja uje mbele, chini kidogo ya kitovu, mwingine uende nyongani, vipishane kama unavyotembea siku zote. Wengi huvuta kwa nguvu mpaka mabega yanapanda masikioni, halafu kichwa kinazunguka. Pumzi isikike na wewe tu. Ukipata kizunguzungu, keti.

Wiki ya dripu ya dawa za saratani, dakika tano zinatosha. Kama saratani imefika mifupani, daktari aulizwe kwanza. Kama chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maradhi, zimeshuka, tembea nyumbani, bustani ina watu.

Sasa, kuna dai kwamba baadhi ya walimu wa chigongi huua seli za saratani maabara kwa kuzielekezea viganja tu. Mimi nashinda maabara, kwa hiyo mnivumilie. Seli hulelewa kwenye sahani ndogo, ndani ya kabati la joto la nyuzi 37 za Selsiasi, lenye kabonidioksaidi asilimia 5. Kuzitoa nje tu kunazisumbua. Basi uliza: kulikuwa na sahani nyingine iliyotolewa muda uleule, ikaelekezewa viganja na mtu asiye na ujuzi wowote? Aliyehesabu alijua ipi ni ipi? Na hata zikifa, sabuni nayo huziua zikiwa kwenye sahani.

Faida ya chigongi inayotajwa na madaktari ni kupunguza uchovu. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa saratani wa Marekani wa mwaka 2024 umeweka chigongi, pamoja na taichi, zoezi jingine la Kichina la mwendo wa taratibu, kati ya njia za kuupunguza wakati wa matibabu. Kwa mgonjwa asiyeweza hata kufua nguo zake, hilo si dogo.

Ukimaliza usikae ghafla. Simama, viganja juu ya tumbo, pumua tena mara tatu, kunywa maji ya uvuguvugu. Bibi huyu akishakunywa yake hupanda basi kwenda hospitali.