Usiwape kuku wasio wagonjwa OTC ya "kuwakinga"

Ukinunua vifaranga leo, hakosi mtu wa kukwambia uwawekee OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kupambana na bakteria) kwenye maji siku za mwanzo "kuwakinga". Wengine hurudia kila mwezi, na baridi ikiingia banda zima linanyweshwa tena. Naielewa hofu hiyo, kuku ni mtaji. Lakini desturi hii ndiyo inayotuharibia dawa, na kuku hafaidiki nayo.

Utumbo wa kuku mmoja una mabilioni ya bakteria. Mmoja wao, E. koli, akipata joto na chakula cha kutosha hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo, makosa madogo ya kunakili vinasaba hayakosi kutokea, na mara mojamoja kosa humsaidia bakteria: dawa inashindwa kupenya, au mahali inaposhika panabadilika umbo. Bila dawa, bakteria huyo ni mmoja tu kati ya wengi. Ukimimina dawa, wenzake wanapukutika, naye anabaki na nafasi yote ya kuzaliana.

Kwa OTC mambo ni mazito zaidi, maana usugu wake, yaani bakteria kutodhurika na dawa, mara nyingi hausubiri kosa jipya. Umeshakaa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha vinasaba chenye umbo la pete, kinachomwezesha bakteria kutengeneza pampu ya kuitoa dawa nje ya mwili wake. Bakteria wawili wakigusana, mmoja humpa mwenzake nakala ya plasmidi hata kama si wa jamii moja. E. koli asiye na madhara anaweza kumpa salmonela, bakteria anayeleta magonjwa. Isitoshe, plasmidi moja inaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa, kwa hiyo OTC ya kila mwezi inaweza kulea hata usugu wa salfa ambayo hujawahi kuinunua.

Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kuwa wamekuta usugu dhidi ya kolistini ukiwa kwenye plasmidi, katika bakteria wa nguruwe, wa nyama ya sokoni na wa wagonjwa hospitalini. Kolistini ni dawa ya akiba kwa binadamu, hutumika nyingine zikishindwa. Jeni (kinasaba) ya usugu huo, mcr-1, imeshaonekana katika nchi nyingi. Ukiona kolistini kwenye lebo ya dawa ya kuku, irudishe kwenye rafu mpaka mtaalamu wa mifugo akwambie kuna sababu.

Kinga ya kweli ni chanjo na banda kavu. Kideri na Gumboro ni magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi, na OTC haiviwezi virusi. Kuku wa kienyeji wapewe chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kisha chuchumaa usawa wa kifaranga: macho yakikuwasha, hewa ni chafu na njia yao ya pumzi inaumia, hata kama wewe ukisimama husikii kitu. Chota maranda chini ya chombo cha maji, yakamue kwa ngumi, fungua kiganja. Yakibaki bonge, yameloa; yatoe uweke makavu. Sugua na chombo chenyewe kila siku, maana ule utelezi wa ndani ni bakteria walioshikamana, na hapo hupeana plasmidi kwa urahisi.

Kuku wakiugua, peleka mzoga ambao haujaharibika kwa daktari wa mifugo au maabara kabla ya kufikiria dawa. Kuhara damu, kwa mfano, mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumboni ambavyo si bakteria, na dawa yake ni nyingine. Ukiandikiwa OTC, pima kwa uzito wa kuku, si kwa kijiko cha kukadiria. Changanya maji watakayomaliza kwa saa chache, uyaweke kivulini, na siku zote zilizoandikwa zitimie. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huishika OTC isifyonzwe vizuri. Ukiwa na maji ya mvua, tumia hayo. Kuku aliyezidiwa hanywi, kwa hiyo mtenge na uulize kama anafaa kuchomwa sindano. Mayai na nyama visiuzwe wala kuliwa nyumbani hadi siku za kusubiri zilizo kwenye lebo ziishe.

Sehemu kubwa ya OTC hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, pamoja na bakteria sugu. Mbolea mbichi ya kuku usiimwage kwenye tuta la mchicha wala karibu na kisima. Irundike, inyunyizie maji kiasi, ifunike, uigeuze kila wiki. Choma kijiti katikati ya rundo: kikitoka cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, joto linafanya kazi. Lisipopanda, ongeza majani makavu na maji kidogo, ugeuze tena. Joto halimalizi jeni zote za usugu, ila hupunguza sana bakteria walio hai, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni hata baada ya kushika mbolea iliyoiva.