Kuipitia siku jioni ili kuuona mkono wa Mungu

Tenga dakika 10 hadi 15 kabla usingizi haujakulemea. Ukingoja mpaka kitandani, utalala katikati ya sala. Weka simu mbali, kisha mwombe Mungu akuonyeshe siku yako kama anavyoiona yeye. Wengi huiruka hatua hii, na zoezi zima hugeuka kuwa hesabu ya makosa.

Shukrani ndiyo ipewe muda mrefu zaidi. Rudi nyuma saa kwa saa tangu ulipoamka, utafute mambo matatu tu, na ulitaje kila moja lilivyokuwa. Usiishie kusema “asante kwa familia”. Taja maji uliyokunywa ukiwa na kiu, mtoto aliyekushika kidole, mtu aliyekusikiliza bila haraka. Shukrani ya jumla haishiki moyoni. Tulia kidogo kwa kila jambo kabla ya kwenda kwa lingine.

Halafu tazama palipokuwa pagumu: nani alikuvumilia? Omba msamaha na neema ya kesho. Ignasi wa Loyola, padre Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti na kufariki mwaka 1556, aliwafundisha wenzake sala ya namna hii.

Siku ikionekana tupu, usilazimishe hisia. Andika jambo moja daftarini, hata pumzi tu. Mwisho wa wiki yasome yote pamoja, uangalie yanayojirudia.