Kununua hisa za NSE kwa simu, kuanzia akaunti hadi siku ya kuuza

Mjomba wangu alinunua hisa za Safaricom mwaka 2008, Serikali ilipouza robo ya kampuni kwa umma kwa shilingi 5 kila hisa. Alipanga foleni mjini Mombasa, akajaza fomu, akapata hisa chache kuliko alizoomba, kama walivyopata wengi. Baadaye dalali wake alifunga ofisi, na mjomba akaamini hisa zimezama pamoja na ofisi. Alikaa miaka tisa bila kuuliza. Siku tulipokwenda kufuatilia, hisa zilikuwepo zote, kwa jina lake. Kilichokuwa kimepotea njia ni magawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, kwa kuwa akaunti ya benki aliyoandika kwenye fomu aliifunga zamani.

Namtaja mjomba kwa sababu kosa lake naliona kila wiki kazini, ila siku hizi limevaa nguo mpya: mtu anadhani hisa zake zimo ndani ya programu ya simu. Akiibiwa simu, analia hisa. Akiona programu inang'aa, anamwamini dalali. Mimi huhudumia wateja wa hisa, na huu ndio utaratibu ninaompitisha yeyote anayetaka kujinunulia mwenyewe katika Soko la Hisa la Nairobi, NSE.

Hatua ya 1: Jua nani kashika nini

Kabla ya kupakua chochote, chukua karatasi uchore visanduku vitatu.

Cha kwanza ni dalali, yaani kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Programu ni mlango wa duka lake tu. Pesa ulizotuma na hazijanunua kitu bado ziko mikononi mwake. Cha pili ni soko lenyewe, NSE, ambako oda yako, yaani agizo la kununua au kuuza, inakutana na ya mtu usiyemjua. Cha tatu ni CDSC, hifadhi kuu iliyoanza kazi mwaka 2004 na kutuondoa kwenye vyeti vya karatasi. Hisa zako zinakaa huko, zimeandikwa jina lako.

Ukielewa visanduku hivi, utaelewa pia hatari iko wapi. Dalali akianguka, hisa zilizoandikwa CDSC ni zako bado. Pesa taslimu iliyolala kwake ndiyo yenye mashaka. Hili si la kubuni: Machi 2008 CMA iliiweka Nyaga Stockbrokers chini ya usimamizi wa kisheria, na miaka ile malalamiko ya hisa kuuzwa bila idhini ya wenyewe yalikuwa mengi. Upo mfuko wa fidia kwa wateja wa dalali aliyeshindwa kulipa, lakini kikomo chake ni shilingi 50,000 kwa mtu. Ndiyo maana siachi pesa ya maana ilale kwa dalali wiki nzima eti nasubiri bei ishuke.

Hatua ya 2: Chagua dalali, si programu

Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA. Jina lisipokuwemo, funga ukurasa, hata kama aliyekutumia kiungo ni mtu wa msikitini au kanisani kwenu. Dalali halali hatakuahidi faida ya kila mwezi. Kazi yake ni kupeleka oda na kukata ada.

Kisha piga simu ofisini kwao saa nne asubuhi, soko likiwa wazi. Uliza ada zote kwa jumla ni asilimia ngapi na kama kuna kiwango cha chini kwa oda ndogo. Uliza kutoa pesa huchukua siku ngapi. Uliza mfumo ukikwama, oda yangu nitaifuta kwa njia gani? Swali la mwisho ndilo linalowatenganisha. Wengine wana meza ya watu wanaopokea simu. Wengine watakwambia utume barua pepe. Mimi hukaa na wenye meza, hata kama programu yao ina sura ya mwaka 2010.

Hatua ya 3: Fungua akaunti ya CDS

Hii ndiyo akaunti ya hisa zako kule CDSC, na utaifungua kupitia dalali huyohuyo. Andaa kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), picha ndogo na namba ya akaunti ya benki. Kazi ni ya dakika chache, isipokuwa majina yawe yanagongana. Kitambulisho kinasema Fatuma, benki inasema Fatma, KRA imeongeza jina la babu. Huku Pwani jambo hili halina mwisho. Rekebisha kwanza, kwa sababu kufungua akaunti utafungua, lakini siku ya kulipwa gawio au kutoa pesa ndipo utakapokwama.

Unaruhusiwa kuwa na akaunti kwa zaidi ya dalali mmoja, lakini hisa zilizoko kwenye akaunti ya dalali huyu huwezi kuziuza kupitia programu ya yule mpaka uzihamishe. Wanaolalamika kwamba programu mpya inaonyesha sifuri, mara nyingi tatizo ni hilo.

Hatua ya 4: Tuma pesa kidogo, kisha uzirudishe

Njia ya kawaida ni paybill ya M-Pesa, na namba ya akaunti ni ile uliyopewa na dalali. Kikomo cha M-Pesa ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Zaidi ya hapo, tumia benki. Paybill iwe ya kampuni. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ana kitambulisho cha kazi shingoni, usitume.

Tuma shilingi 1,000. Zikionekana kwenye programu, usinunue chochote: omba kuzitoa. Watu hunicheka nikiwaambia hivi, lakini ni bora ujue njia ya kutokea ukiwa na elfu moja kuliko ukiwa na laki tano.

Hatua ya 5: Soma ubao kabla ya kugusa kitufe

Hapa ndipo pesa zinapopotea kimyakimya, kwa hiyo twende polepole.

Ukifungua kampuni yoyote utaona bei moja kubwa katikati ya skrini. Hiyo ni bei ya muamala uliopita. Huenda ulifanyika dakika moja iliyopita, huenda juzi. Haikuahidi kitu. Telemka chini utafute safu mbili: upande mmoja wanunuzi na bei wanazotoa, upande wa pili wauzaji na bei wanazotaka, kila bei na idadi ya hisa zake. Programu nyingi huandika "Bid" kwa wanunuzi na "Ask" au "Offer" kwa wauzaji.

Chukua mfano wa kubuni. Bei kubwa inasema 28.50. Wauzaji wako hivi: hisa 60 kwa 28.50, hisa 90 kwa 28.90, hisa 2,000 kwa 29.50. Wewe unataka 200. Ukichagua "Market", umeuambia mfumo: ninunulie kwa bei yoyote iliyopo. Utapata 60 kwa 28.50, 90 kwa 28.90, na 50 za mwisho kwa 29.50. Umelipa shilingi 5,786 badala ya 5,700 ulizopiga kichwani, na hakuna aliyekuibia. Ukichagua "Limit" na kuandika 28.50, utapata 60 na zilizobaki zitasubiri kwenye foleni mpaka atokee wa kuuza kwa bei hiyo. Huenda asitokee.

Kwa kampuni kubwa zinazouzwa kila dakika, kama Safaricom, Equity au KCB, pengo kati ya mnunuzi na muuzaji huwa dogo na kosa lako litakuwa la senti. Kwa kampuni ndogo mambo ni mengine. Niliwahi kuwa na hisa za kampuni ambayo programu ilinionyesha bei ya shilingi 14. Nikajihesabia utajiri. Siku ya kuuza nikakuta mnunuzi mmoja tu, anatoa 12.60, ambayo ndiyo bei ya chini kabisa aliyoweza kuandika siku hiyo, maana NSE hairuhusu bei kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Shilingi 14 ilikuwa bei ya Jumatatu. Tulikuwa Alhamisi. Niliuza siku kumi baadaye, kidogokidogo, kwa bei ambayo sitaitaja.

Hatua ya 6: Weka oda

Soko hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Oda ya usiku itapokelewa na programu, lakini itangoja asubuhi, na bei ya asubuhi huenda isiwe uliyolala nayo. Weka oda soko likiwa wazi.

Chagua kununua, andika idadi, chagua "Limit", andika bei yako. Kisha angalia muda wa oda: ya leo tu, au ya kuendelea hadi uifute. Wanaoanza nawaambia ya leo tu. Oda iliyosahauliwa hujazwa siku habari mbaya inapotoka, kwa sababu siku hiyo ndiyo wauzaji wanashuka kukufuata.

Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja. Zamani ubao mkuu ulitaka kuanzia 100. Ni jambo jema, lakini ada haikuondoka. Tuseme jumla ya ada kwa dalali wako ni asilimia 2.1. Umenunua hisa 200 kwa 28.50: shilingi 5,700, ongeza ada 119.70, umelipa 5,819.70. Siku ya kuuza utakatwa tena. Ili urudishe pesa yako tu, bei lazima ifike kama shilingi 29.75, ambayo ni asilimia 4 na kitu juu ya ulikonunulia. Anayenunua na kuuza kila wiki kwa sababu vitufe viko karibu anamfanyia kazi dalali.

Hatua ya 7: Baada ya kununua, hakiki nje ya programu

Muamala hukamilika siku tatu za kazi baada ya siku ya oda. Ukinunua Jumatatu, hisa zinaingia jina lako CDSC Alhamisi. Hii inawagonga sana wanaowinda gawio: kampuni ikisema inafunga daftari la wanahisa watakaolipwa Ijumaa, wewe ununue kabla Jumanne haijaisha. Ukinunua Jumatano, gawio ni la aliyekuuzia. Likilipwa, mkazi hukatwa kodi ya asilimia 5 hukohuko kwenye chanzo.

Siku tatu zikipita, omba taarifa ya akaunti kutoka CDSC na uilinganishe na programu, hisa kwa hisa. Angalia pia akaunti ya benki au namba ya simu ya kupokelea magawio. Ukibadilisha benki, sema. Magawio ya mjomba ya miaka ya mwanzo tuliyakuta UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kuyadai kulichukua fomu nyingi na subira zaidi. Sasa anaomba taarifa kila Januari, anaichapisha, anaiweka kwenye bahasha moja na hati ya shamba.

Hatua ya 8: Kuuza

Njia ni ileile, kwa kugeuza. Tazama safu ya wanunuzi, si bei kubwa ya katikati. Andika bei yako kwa "Limit". Kama hisa zako ni nyingi kuliko wanazotaka walioko juu ya foleni, gawanya oda katika mafungu.

Baada ya kuuza, programu itaonyesha salio papo hapo, na wengi huanza kupiga simu wakiuliza kwa nini hawawezi kulitoa. Salio hilo ni ahadi mpaka siku tatu zile ziishe. Siku ya nne asubuhi, likiwa pesa kweli, lipeleke benki kwako, hata kama unapanga kununua tena wiki ijayo.